Swali la "Wapi?": Kazi ya Denis Burkitt na Nafasi ya Rejista ya Saratani katika Afya ya Jamii Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafafanua kazi ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyehudumu nchini Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966, kama kielelezo cha namna epidemiolojia ya saratani inavyojengwa na mahali inapoweza kukwama. Nadharia mbili za mtafiti huyo zinalinganishwa: ile iliyohusu uvimbe wa taya wa watoto, ambao leo hujulikana kama limfoma ya Burkitt, na ile iliyohusu makapi-mlo na saratani ya utumbo mpana. Zote mbili zilitokana na mbinu moja ya kuuliza ugonjwa unapatikana wapi, lakini ya kwanza ilithibitika kwa kasi kuliko ya pili. Makala inaonesha kwamba tofauti hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na aina ya hesabu iliyowezekana katika kila ugonjwa. Hoja kuu ni kwamba ramani huibua swali, ilhali rejista ya saratani yenye kuhesabu wagonjwa wa eneo linalojulikana ndiyo huwezesha swali hilo kujibiwa. Mwisho, mafunzo kwa watunga sera wa Afrika Mashariki yanajadiliwa, hususan katika kipindi hiki cha kuenea kwa chanjo dhidi ya malaria na dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi.

Maneno msingi: epidemiolojia, saratani, limfoma ya Burkitt, rejista ya saratani, sera ya afya

1.0 Utangulizi

Epidemiolojia ni taaluma inayochunguza jinsi magonjwa yanavyotawanyika katika jamii na sababu za mtawanyiko huo. Daktari aliye kando ya kitanda huuliza mgonjwa wake ana nini na atatibiwaje. Mwanaepidemiolojia huuliza kwa nini huyu ameugua na yule hakuugua. Kwa nini huku na si kule. Kwa nini sasa na si zamani. Maswali hayo ya pili hayamponyi mgonjwa aliyekwisha kufika wodini, lakini ndiyo yanayoweza kumzuia mwingine asifike huko.

Katika saratani, maswali hayo ni magumu zaidi kuliko katika maradhi ya kuambukiza yanayolipuka na kuonekana mara moja. Saratani huchukua muda mrefu kujitokeza, huwa na sababu zaidi ya moja, na utambuzi wake huhitaji maabara ya patholojia ambayo wagonjwa wengi hawaifikii. Kwa muda mrefu katika zama za ukoloni, hali hiyo ilichangia kuzaa imani kwamba saratani ilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika. Imani hiyo haikutokana na hesabu. Ilitokana na kukosekana kwa hesabu.

Kazi ya Burkitt inafaa kuchunguzwa kwa sababu ilianzia katika mazingira hayo hayo, bila maabara kubwa wala fedha nyingi, na ikaleta mabadiliko katika uelewa wa saratani duniani. Inafaa pia kwa sababu haikufanikiwa kwa kiwango kilekile kila mahali. Mtunga sera anayesoma ushindi wake peke yake hupata nusu ya somo.

2.0 Kutoka mabusha ya Lango hadi taya za Mulago

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali, jambo ambalo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Alihitimu udaktari katika Trinity College, Dublin, mwaka 1935, akatumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1946 akapangiwa kazi Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alifanya upasuaji mwingi wa mabusha. Katika kufanya hivyo aligundua kwamba wagonjwa wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, ilhali upande wa magharibi maradhi hayo yalikuwa machache. Uchunguzi huo aliuchapisha mwaka 1951. Maelezo yake yalikuja kueleweka kwa kuzingatia minyoo inayosababisha matende na mabusha, ambayo huenezwa na mbu na kwa hiyo hufuata mazingira ya mbu. Kwa daktari mwingine, tofauti kati ya pande mbili za wilaya moja ingepita kama jambo la kawaida. Kwake ilikuwa dokezo kwamba mahali anapoishi mgonjwa ni sehemu ya maelezo ya ugonjwa wake.

Mwaka 1948 alihamia Kampala, katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumwona mtoto wa kiume aliyekuwa na uvimbe katika pembe zote nne za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Hali hiyo haikulingana na maambukizi ya kawaida ya mfupa wala na saratani iliyokuwa ikijulikana, kwa kuwa uvimbe wa saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine, wa kike, mwenye uvimbe wa aina ileile usoni, na alipompima akakuta uvimbe mwingine tumboni.

Mtoto mmoja ni kisa. Watoto wawili ni swali. Burkitt alirudi katika kumbukumbu za hospitali na kukusanya visa vingine. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto 38 katika jarida la British Journal of Surgery. Makala hiyo haikupata wasomaji wengi wakati huo. Wanapatholojia waliokuwa Kampala, akiwamo Gregory O'Conor, ndio waliobainisha kwamba uvimbe huo ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za mfumo wa kinga, na kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ulikuwa ugonjwa mmoja wenye sura nyingi.

3.0 Daftari lililotangulia ramani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika simulizi nyingi za maisha ya Burkitt, safari zake hupewa nafasi kubwa na daftari lililomtangulia husahauliwa. Rejista ya Saratani ya Kampala ilianzishwa mwaka 1951 chini ya mwanapatholojia J.N.P. Davies wa Chuo Kikuu cha Makerere. Lengo lake lilikuwa kuandikisha kila mgonjwa wa saratani miongoni mwa wakazi wa kaunti ya Kyadondo, inayojumuisha jiji la Kampala na maeneo yanayolizunguka.

Umuhimu wa rejista ya namna hiyo unaweza kuelezwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Kila sehemu ina kiasi, ambacho huandikwa juu, na asili, ambayo huandikwa chini. Hospitali ina kiasi tu: inajua wagonjwa wangapi waliingia mlangoni. Haijui walitoka katika idadi gani ya watu. Rejista ya jamii huweka asili chini ya kiasi, kwa kuwa huhesabu wagonjwa wa eneo ambalo idadi ya wakazi wake, umri wao na jinsia yao vinajulikana kutokana na sensa. Hapo ndipo idadi ya wagonjwa inapogeuka kuwa kiwango cha matukio, na kiwango cha Kampala kinapoweza kulinganishwa na kile cha London au cha Ibadan.

Kwa kutumia rejista hiyo, Davies na O'Conor walionesha mwaka 1960 kwamba limfoma ilichukua karibu nusu ya saratani zote za watoto zilizoandikishwa, hali iliyokuwa tofauti kabisa na ile ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1964 Davies na wenzake, akiwamo Raphael Owor aliyekuja kuwa profesa wa patholojia Makerere, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za Hospitali ya Mengo kuanzia mwaka 1897 hadi 1956. Kumbukumbu hizo, zilizoanzishwa na Albert Cook, zilidhihirisha kwamba saratani haikuwa ngeni wala nadra katika jamii ya Waganda. Waliokuwa wageni ni wale waliodhani hivyo bila kuhesabu.

4.0 Safari ya mwaka 1961

Baada ya kujua kwamba ugonjwa upo, Burkitt alitaka kujua mipaka yake. Kwa ruzuku ya awali ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wenye uvimbe na kuvituma katika hospitali mbalimbali barani Afrika, akiuliza kama madaktari wa huko walikuwa wamewahi kuona ugonjwa kama huo. Majibu yalichora mkanda uliokatiza katikati ya bara, pande zote mbili za ikweta, wenye mkia ulioteremka kusini kufuata pwani ya mashariki.

Majibu ya posta hayakumtosheleza. Mwezi Oktoba mwaka 1961, akiwa pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, aliondoka Kampala kwa gari la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, kuelekea kusini hadi Afrika Kusini na kurudi. Katika wiki kumi walisafiri takriban maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, na kutembelea hospitali 57. Gharama yote ya safari haikufika pauni 700.

Katika kila hospitali swali lilikuwa lilelile: je, ugonjwa huu unaonekana hapa? Lengo lilikuwa kupata ukingo wa mkanda, yaani mahali ambapo jibu la "ndiyo" linageuka kuwa "hapana". Ilibainika kwamba ukingo huo ulifuata mwinuko wa ardhi. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa nadra katika maeneo yaliyo juu ya takriban futi 5,000. Kadiri msafara ulivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi vinavyoenezwa na wadudu aliyekuwa Entebbe, alisaidia kutambua kwamba mwinuko ulikuwa kivuli tu cha jambo jingine, nalo ni joto. Ugonjwa haukuonekana mahali ambapo joto hushuka chini ya takriban nyuzi 16 za Selsiasi katika msimu wa baridi, wala mahali ambapo mvua ni haba.

Joto na mvua ni mazingira ya mbu. Kwa hiyo dhana ya kwanza ilikuwa kwamba saratani hii husababishwa na kirusi kinachoenezwa na mbu. Dhana hiyo haikuwa sahihi kama ilivyotamkwa, lakini ilielekeza macho mahali panapostahili, na hiyo ndiyo kazi ya ramani.

5.0 Kutoka dokezo hadi ushahidi

5.1 Kirusi

Mwezi Machi mwaka 1961, kabla ya safari hiyo ndefu, Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, ambaye mara moja aliomba apelekewe sampuli za uvimbe. Kwa zaidi ya miaka miwili sampuli zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala bila mafanikio. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi kipya, kwa msaada wa hadubini ya elektroni, katika chembe za uvimbe zilizooteshwa maabarani. Kirusi hicho kiliitwa Epstein-Barr, na kikawa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ugunduzi huo ulizua fumbo jipya. Uchunguzi wa kingamwili ulionesha kwamba kirusi hicho kimeenea duniani kote na kwamba watu wazima walio wengi wamewahi kukipata. Kitu kilichopo kila mahali hakiwezi peke yake kueleza ugonjwa uliopo mahali fulani tu. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake walipendekeza kwamba mshirika wa kirusi alikuwa malaria. Dhana hiyo ililingana na ramani ya Burkitt vizuri kuliko ile ya mbu kubeba kirusi cha saratani, na mwaka 1969 Burkitt mwenyewe aliandika kuiunga mkono.

5.2 West Nile na Mara

Ulinganifu wa ramani mbili haujathibitisha kwamba jambo moja ndilo lililosababisha jingine. Hatua iliyofuata ilikuwa kufuatilia watu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, likiongozwa katika kazi hiyo na Guy de-Thé, lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha likasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalihusu watoto 14 tu walioupata ugonjwa baada ya kutolewa damu. Hata hivyo, damu yao iliyohifadhiwa kabla ya kuugua ilionesha kwamba watoto wenye kiwango kikubwa cha kingamwili dhidi ya kirusi hicho walikuwa katika hatari ipatayo mara 30 kuliko wengine. Wazazi wa maelfu ya watoto walikubali kutoa kitu kidogo ili maelezo ya hao 14 yapatikane.

Nchini Tanzania, katika eneo la Mara Kaskazini, jaribio la kupunguza malaria lilifanyika kuanzia mwaka 1977 hadi 1982. Watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini mara kwa mara, na visa vya limfoma vikahesabiwa. Visa vilipungua. Hata hivyo, vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na wakati huohuo vimelea vya malaria vikaanza kuwa sugu kwa klorokwini. Jaribio hilo liliunga mkono dhana ya malaria lakini halikuihitimisha. Lilijulikana kuwa halikuihitimisha kwa sababu moja: visa vilikuwa vimehesabiwa tangu kabla ya jaribio kuanza. Bila hesabu hiyo ya awali, kupungua kote kungesifiwa kuwa ni kazi ya dawa.

Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linakiweka kirusi cha Epstein-Barr katika kundi la visababishi vya hakika vya saratani, na malaria kali ya maeneo yenye maambukizi ya kudumu katika kundi la visababishi vinavyoelekea kuwa vya kweli. Umbali kati ya hayo makundi mawili ni umbali kati ya ushahidi uliokamilika na ule ambao bado unadai hesabu zaidi.

6.0 Mipaka ya ramani: suala la makapi-mlo

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kuendelea na kazi ya utafiti London. Aliendeleza mbinu yake kwa kuomba taarifa za kila mwezi kutoka hospitali nyingi, hasa za misheni, kuhusu magonjwa yaliyoonekana na yasiyoonekana. Akiathiriwa na mawazo ya daktari Peter Cleave, na kwa ushirikiano na Trowell, alitoa hoja kwamba saratani ya utumbo mpana na maradhi mengine kadhaa ya nchi tajiri yalitokana na upungufu wa makapi-mlo, yaani nyuzinyuzi za chakula zinazopatikana katika nafaka zisizokobolewa, kunde, mboga na matunda. Aliona kwamba Waafrika wa vijijini walikula vyakula hivyo kwa wingi na kwamba saratani hiyo ilikuwa nadra katika hospitali zao.

Hoja hiyo ilipata umaarufu mkubwa na kubadili meza za kifungua kinywa katika nchi nyingi. Ushahidi wake, hata hivyo, ulikuja polepole na kwa mikanganyiko. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa nchini Marekani hayakuona kwamba kuongeza makapi-mlo kulizuia vinyama vya utumbo mpana kurudi katika miaka michache ya ufuatiliaji. Mwaka 2003 utafiti wa EPIC, uliofuatilia zaidi ya watu nusu milioni katika nchi kumi za Ulaya, ulionesha kwamba waliokula makapi-mlo mengi walipata saratani hiyo kwa kiwango cha chini. Leo kinga hiyo huhesabiwa kuwa inaelekea kuwa ya kweli, ingawa ni ndogo kuliko Burkitt alivyotarajia na si maelezo ya pekee.

Kwa nini mtafiti yuleyule, kwa swali lilelile la "wapi", alipata jibu imara kwa ugonjwa mmoja na jibu lenye utata kwa mwingine? Sababu tatu zinajitokeza.

Kwanza, uvimbe wa taya wa mtoto hauwezi kufichika. Muuguzi, daktari na mzazi wote huuona, na picha moja katika kipeperushi inatosha kuutambulisha. Saratani ya utumbo mpana imejificha ndani. Bila vifaa vya kuchungulia utumbo na bila maabara, mgonjwa hufa kwa "maumivu ya tumbo" na hahesabiwi. Hospitali inaposema haijaona ugonjwa huo, huenda haupo, na huenda haukutafutwa.

Pili, limfoma hii huwapata watoto, ambao ni wengi katika kila kijiji cha Afrika. Saratani ya utumbo mpana huwapata zaidi wazee. Katika jamii yenye wazee wachache, wagonjwa watakuwa wachache hata kama hatari ya kila mzee ni sawa na ya mzee wa Ulaya. Hapa ndipo kukosekana kwa asili kunapopotosha kiasi.

Tatu, tofauti ya limfoma kati ya eneo na eneo ilikuwa kubwa mno, karibu ya kuwapo na kutokuwapo, na hivyo iliweza kustahimili makosa ya hesabu. Tofauti za mlo huambatana na tofauti nyingine nyingi: kazi, uzito wa mwili, nyama, pombe, tumbaku na umri wa kuishi. Ramani haiwezi kuzitenganisha.

Hoja hizi hazipunguzi thamani ya kazi ya Burkitt. Zinaonesha kwamba mbinu haina nguvu yake yenyewe nje ya ugonjwa inaouchunguza na hesabu inayoiegemea.

7.0 Mafunzo kwa sera za kikanda

7.1 Rejista ni huduma ya kudumu

Rejista ya Kampala ilizorota katika misukosuko ya miaka ya 1970 na 1980, kisha ikahuishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Takwimu za mwaka 1989 hadi 1991, zilizochapishwa na Henry Wabinga na wenzake, zilionesha kwamba saratani ya Kaposi ilikuwa imepanda ghafla na kuongoza miongoni mwa wanaume, kutokana na janga la UKIMWI. Ulinganisho huo uliwezekana kwa kuwa takwimu za miaka ya 1950 zilikuwa zimehifadhiwa. Miaka iliyokatika katikati haiwezi kurudishwa. Mgonjwa asiyeandikwa mwaka huu hataandikwa mwaka ujao. Kwa hiyo mishahara ya makarani wa rejista inastahili kuwa katika bajeti ya kawaida ya afya, badala ya kutegemea miradi inayofika na kuondoka.

7.2 Swali la makazi linahitaji lugha makini

Rejista hutegemea swali moja dogo ambalo karani humuuliza mgonjwa. Katika Kiswahili cha kila siku, swali "Unatoka wapi?" lina majibu mengi sahihi. Mgonjwa anaweza kutaja kwao kwa asili, mahali alipozaliwa, mtaa anakoishi, au nyumba ya ndugu aliyomfikia jana ili awe karibu na hospitali. Akitaja ya mwisho, jiji hupewa mgonjwa asiye wake, na kijiji chenye kisababishi cha ugonjwa huonekana salama. Swali kama "Kabla ya kuanza kuugua, ulikuwa ukiishi wapi, na kwa muda gani?" hupunguza mkanganyiko huo. Jambo hili ni zito zaidi mipakani, ambako wagonjwa huvuka kutafuta tiba. Kwa kuwa Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuandaa dodoso moja la uandikishaji lenye istilahi zilizosanifiwa ni kazi ambayo wataalamu wa lugha na wa afya wanaweza kuifanya pamoja.

7.3 Chanjo zinazohitaji shahidi

Rwanda ilianza mpango wa kitaifa wa chanjo dhidi ya virusi vya HPV, visababishi vya saratani ya shingo ya kizazi, mwaka 2011. Uganda, Tanzania na Kenya zilifuata kati ya mwaka 2015 na 2019. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa baadhi ya watoto nchini Kenya mwaka 2019, na Uganda ikaanza mwaka 2025. Ikiwa malaria kweli ni mshirika wa kirusi cha Epstein-Barr, kupungua kwake kunapaswa kufuatwa na kupungua kwa limfoma ya Burkitt. Hilo litakuwa jaribio kubwa kuliko lile la Mara, na linaendelea sasa. Bila rejista zinazohesabu tangu kabla ya chanjo kuenea, jaribio hilo litapita bila shahidi, kama ambavyo lile la Mara lingepita.

7.4 Tiba na kinga havitenganishwi

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani za kwanza kuonesha kwamba dawa peke yake zinaweza kuponya. Burkitt, akiwa hana mashine ya mionzi Kampala, alitumia dawa na kuona uvimbe ukiyeyuka kwa baadhi ya watoto. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, iliendeleza kazi hiyo chini ya John Ziegler na baadaye Charles Olweny, mkurugenzi wake wa kwanza Mganda. Rejista inayofuatilia pia kama mgonjwa yu hai huonesha watoto wanapotelea wapi: kabla ya kutambuliwa, kabla ya kuanza dawa, au baada ya kuacha matibabu kwa kukosa nauli. Kila jibu lina sera yake, na sera ya nauli haifanani na sera ya maabara.

8.0 Hitimisho

Kazi ya Burkitt inaonesha kwamba mtafiti mwenye swali zuri anaweza kuanza na fedha kidogo. Inaonesha pia kwamba hawezi kumaliza peke yake. Nyuma ya ramani yake kulikuwa na rejista ya Davies, kumbukumbu za Mengo, madaktari wa hospitali 57 waliojibu, na wauguzi na makarani ambao majina yao hayakuingia katika majarida. Mbele yake kulikuwa na wazazi wa West Nile na wa Mara. Pale mnyororo huo ulipokamilika, kama katika limfoma, dhana iligeuka kuwa maarifa. Pale hesabu ya asili ilipokosekana, kama katika saratani ya utumbo mpana, dhana ilibaki ikibishaniwa kwa miongo kadhaa.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Ugonjwa unaoitwa kwa jina lake bado huwapata watoto wa ukanda ule aliouchora, kuanzia kingo za Ziwa Viktoria hadi pwani ya Msumbiji. Swali la "wapi" limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa. Lililobaki kwa nchi za ukanda huu ni swali la "wangapi, na miongoni mwa wangapi?" Jibu lake huandikwa kila siku, mstari kwa mstari, katika daftari ambalo lazima liwe na karani wa kuliandika.